Mwisho Ulioliwa na Mchwa

Harufu ya miyaa, majani ya kusukia mikeka, yanapochemshwa kwa rangi si harufu nzuri. Ina ubichi wa jani, ukali wa rangi ya dukani na moshi wa vifuu vya nazi vinavyowaka chini ya debe, na ikishaingia kwenye kanga haitoki mpaka kanga yenyewe ichakae. Lakini mimi nikiisikia, hata leo katika uzee huu, husimama kidogo na kuivuta, kwa sababu ndiyo harufu niliyosomea kitabu changu cha kwanza cha safari ya mwezini. Uani kwetu, katika kijiji kilicho kusini kidogo ya Msambweni, debe lilitiwa moto kila baada ya sala ya adhuhuri, na wanawake wa jirani wakaja na majamvi yao kusuka ukili, ule mkanda mrefu wa miyaa ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka. Mwenye ua alikuwa nyanya yangu, Bi Mwanasha, mama yake baba. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye vidole visivyotulia, na aliweza kuona msuko uliokosewa toka upande wa pili wa ua na kumwambia mwenyewe aufumue bila kumwonea haya. Mimi aliniita mke mwenzake, kama nyanya wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na mambo mengi ya nyumba ile aliyaamua yeye bila kuonekana ameamua.

Mwaka ninaousimulia ni ule ambao redio ya dukani ilitangaza kwamba Warusi wamerusha chuma angani na kwamba chuma hicho kinaizunguka dunia. Wanaume walibishana barazani hadi kahawa ikapoa, wengine wakisema ni uongo wa Wazungu, wengine wakitoka nje kutazama juu. Mimi nilikuwa na jambo langu lililonikaa rohoni kuliko chuma cha Warusi. Nilikuwa katika darasa la mwisho la shule yetu, na wasichana tulikuwa tumebaki wachache sana. Mwalimu alikuwa amemwomba baba aniruhusu niende shule ya bweni ya wasichana Mombasa, na baba hakuwa amejibu. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha sukari Ramisi, akija nyumbani Alhamisi jioni na kurudi Jumamosi alfajiri, nguo zake zikinukia masizi na maji ya miwa. Hakuwa mtu mkali. Lakini kwetu msichana akishavunja ungo hukaa ndani akingoja posa, na baba hakuona kwa nini binti yake awe wa kwanza kuivunja ada hiyo. Aliposema atafikiri, nilijua maana yake, kwani namna ya baba ya kufikiri ilikuwa ni kunyamaza mpaka jambo lijipitie lenyewe. Niliitaka shule ile mpaka nikawa nikiota bweni lake, ambalo sikuwahi kuliona.

Kitabu nilipewa na Mwalimu Rukia, mwanamke kijana wa Mombasa aliyetufundisha Kiingereza. Alikitoa katika sanduku la vitabu chakavu lililokuwa nyuma ya darasa, akaniambia nikisome niuzoeshe ulimi. Hakikuwa na jalada wala jina, na karatasi zake zilikuwa za rangi ya chai. Kilikuwa hadithi ya watoto, iliyoandikwa kwa watoto wa Ulaya, kuhusu msichana aitwaye Nora na kaka yake, waliofiwa na wazazi wakawa wanalelewa na bibi yao. Mjomba wao, fundi mwenye kichwa kigumu, aliunda chombo cha chuma katika banda la shamba, na siku moja akaruka nao hadi mwezini. Nilikisoma kwa shida, maneno mengine nikiyaruka na mengine nikiyakisia, lakini sijapata kusoma kitu kilichonishika namna ile. Nilikuwa nikikaa nyuma ya jiko, mdomo wazi, huku maji ya kuoshea vyombo yakipoa. Nyanya alipoona vyombo haviishi alikuja kunitazama, akaniuliza karatasi zile zina nini. Nikamweleza kidogo. Akasema vyombo nitaviosha baadaye, nije uani niwasomee wote, kwa kuwa mikono yao ina kazi lakini masikio yao hayana.

Basi ndivyo tulivyoanza. Nilikaa juu ya kinu kilicholazwa, nikasoma kwa Kiingereza kimoyomoyo na kutoa Kiswahili kwa sauti, sentensi baada ya sentensi. Nora kwao akawa Nura, maana ndilo jina walilolijua. Walifurahi sana kusikia kwamba watoto wamekwenda na mjomba, kwa sababu kwetu mjomba ndiye mtu wa kumkabidhi mtoto, na wakamsifu yule fundi wa Kizungu kwa kulijua jukumu lake. Waliuliza maswali ambayo mwandishi wa kitabu hakuyawazia. Bi Mejumaa, jirani yetu mnene aliyependa kupata hakika ya kila jambo, alitaka kujua mtu aliye mwezini hufungaje Ramadhani, ikiwa sisi huku twasubiri kuuona mwezi nao wameukanyaga. Kazi ilisimama. Mmoja akasema watafunga mwaka mzima, kwa kuwa mwezi hauwatoki miguuni, mwingine akasema wao ni wasafiri na msafiri ana ruhusa. Nyanya akakata kesi kwa kusema kwamba watoto hawajabaleghe na hawadaiwi saumu, kwa hivyo tuendelee. Kila mchana nilipofunga kitabu walinung'unika, na siku iliyofuata walikuja mapema zaidi, wengine na watoto mgongoni, wengine bila hata miyaa.

Kosa letu lilikuwa moja, na hakuna aliyeliona. Kwetu hadithi haianzi hivi hivi. Msimulizi husema paukwa, wasikilizaji hujibu pakawa, na hapo kila mtu anajua kwamba sungura anaweza kusema na zimwi linaweza kuoa. Mimi sikusema paukwa, kwa sababu haikuandikwa kitabuni, nami nilikuwa na heshima kubwa kwa kilichoandikwa. Isitoshe, vitabu walivyovijua wanawake wale vilikuwa msahafu na maulidi, na kilichomo humo kilikuwa kimetokea. Ukiongeza na Warusi na chuma chao, utaona kwamba hawakuwa wajinga hata kidogo. Walichukulia kwamba ninawasomea habari. Na mimi je? Nilikuwa na umri wa kujua, lakini nikiri kwamba saa ya kusoma nami nilikuwa nikiamini pamoja nao.

Ikafika siku Nora alipotoka chomboni peke yake. Kaka yake alikuwa ameangusha kitu nje, naye akatoka kwenda kukiokota, amevaa vazi la chuma na kubeba pumzi yake mgongoni ndani ya mtungi. Akapotea katika kivuli cha jabali. Pumzi ikawa inapungua, naye akipiga kelele hakuna anayesikia, maana kule hakuna upepo wa kuibeba sauti. Nikafunua ukurasa, na ukurasa haukuwapo. Mchwa walikuwa wamekula kitabu toka hapo hadi mwisho, wakaacha kingo tu na vumbi la udongo lililonimwagikia mapajani. Bi Mejumaa akaniambia nisome. Nikawaonyesha. Debe likaendelea kuchemka bila mtu wa kuigeuza miyaa. Kisha nyanya akaweka ukili wake chini na kuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, mama yake yule mtoto aliitwa nani.

Kitabu hakikutaja. Nyanya alitaka kumwombea, na dua ya mtu aliyepotea husomwa kwa jina lake na la mama yake. Mwanamke mmoja akasema kwa unyonge kwamba yule si mtoto wa Kiislamu. Nyanya akamjibu kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, umbile la kumjua Mungu, na huyu bado ni mtoto. Kuhusu jina la mama alifanya kama wafanyavyo watu wetu wasipomjua mama wa mtu, wakamhesabu kuwa mwana wa mama wa wote.

"Nura binti Hawa," akasema. "Haya, tumsomee Yasin, Mungu amrejeshe kwa bibi yake."

Wakajifunika kanga na kusoma, wale wanaojua wakiongoza na wasiojua wakiitikia amina. Bi Mejumaa alilia kwa sauti, kwa kuwa alikuwa amewahi kupotelewa na mwana baharini na maiti yake haikuonekana. Wengine wakamfuata. Nami nililia, nikimlilia Nura na pia kitu kingine nisichokijua vizuri, kwa sababu nilijiona mimi ndiye niliyeachwa nje na mlango umefungwa.

Sasa wewe fikiria unapita njiani alasiri, unasikia Yasin na vilio toka ua wenye mwanamke mzee. Aliyepita alikwenda moja kwa moja msikitini. Muda si muda vijana walikuwa mlangoni na majembe, wakiuliza kaburi lichimbwe wapi. Jirani alileta mchele, mwingine jamvi la wanaume, na mwenye lori la miwa aliyekuwa akielekea Ramisi akaambiwa ampelekee baba habari, ampelekee kwa upole. Hakuna aliyepata kufafanua, maana kila aliyeuliza marehemu ni nani aliambiwa ni Nura binti Hawa, na kwa vile hakumfahamu alidhani ni mgeni wa ukoo, akaketi kwa heshima.

Baba alifika karibu na magharibi, akiwa amejaa vumbi la njiani, kofia mkononi. Aliwapita watu barazani bila kuwasalimu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akaingia uani. Nyanya alikuwa ameketi palepale akisuka. Baba alimtazama, akakaa chini kwenye mchanga. Nyanya akamkaribisha na kumuuliza mbona amekuja siku isiyo yake.

"Mama," akasema baba, "njia nzima toka Ramisi nalikuwa nakuzika."

Alipoelezwa, mwanzo hakuelewa. Alipoelewa ilibidi atoke nje kuwaambia wanaume waliokaa kwa huzuni kwamba aliyepotea ni msichana wa Kizungu, kwamba amepotelea mwezini, na kwamba hayuko. Kicheko kilichotoka barazani nakisikia mpaka leo. Waliocheka zaidi ni wale vijana wa majembe. Kufikia kesho yake habari ilikuwa imeshafika kiwandani, na sikuwa na haja ya kuambiwa kwamba wenzake wangekuwa wakimpa pole ya msiba wa mwezini kwa miaka. Aliporudi uani hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisema kitabu kirudi kwa mwenyewe, na mimi shule yangu imetosha. Nililala kwenye mkeka nikiuma ncha ya kanga ili nyanya asinisikie, ingawa bila shaka alinisikia.

Nyanya hakubishana naye. Alingoja Ijumaa, baba ametoka kuswali, amekula na kushiba, ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa uani akikaza mpini wa jembe, mgongo ametupa sisi. Akamuuliza, bila kuinua macho kwenye ukili, yeye anamwonaje yule mtoto, yu hai? Baba akasema huyo mtoto hayuko, ni maneno ya kitabu. Nyanya akasema anajua, sasa anajua, lakini hayuko au yuko, wao wamemwacha nje na usingizi umekataa. Baba akaendelea kugonga mpini. Baadaye kidogo akaniuliza ilikuwaje hata watu wazima wakalia. Kitabu kilikuwa bado hakijarudishwa. Nikakileta, nikamsomea sura ile ya mwisho iliyosalia. Alikuwa akigonga mpini, kisha akawa anagonga polepole, kisha akaacha kugonga. Akauliza mtungi ulikuwa umebakiwa na pumzi kiasi gani. Nikamwambia. Akauliza halafu ikawaje. Nikamwonyesha kazi ya mchwa, naye akapitisha kidole kwenye kingo zile zilizotafunwa na kukaa akizitazama.

Nyanya akasema kwamba kwa Mwalimu Rukia kitabu kizima hakipo, lakini amesikia shule kubwa ya Mombasa ina chumba kizima cha vitabu. Baba aliugeuzageuza mpini mikononi. Nadhani alikuwa akitafuta njia ya kukubali ambayo haingemfanya achekwe mara ya pili, na hatimaye akaipata.

"Aende akatuulizie," akasema. "Lakini akishajua kilichompata huyo mtoto, arudi nyumbani akae. Hilo ndilo neno langu, mama, na wewe ni shahidi."

Nilikwenda Mombasa nikiwa na sanduku la bati na kazi hiyo moja. Chumba cha vitabu kilikuwapo kweli, na katika muhula uleule wa kwanza nilikikuta kitabu changu rafuni, kina jalada la buluu na picha ya chombo, kizima, kimenona. Nilikisoma nimesimama mpaka kengele ya chakula ikalia na nisiisikie. Sikuwaza neno la baba hata kidogo. Niliwaza ua wetu, na namna nitakavyoingia na kuwaambia. Likizo ilipofika, njia yote ndani ya basi nilikuwa nikizipanga sentensi zangu kwa Kiswahili kizuri.

Nyanya alikuwa peke yake, anachemsha miyaa. Niliinama nikambusu mkono na kumpa shikamoo, naye akaitikia marahaba mke mwenzangu, kisha akanishika kidevu na kunitazama.

"Umeshajua," akasema.

"Nimejua, nyanya. Yule Nura—"

Akaniziba mdomo kwa kiganja chake, kibichi, kinachonuka rangi. "Meza," akasema. "Babako akiniuliza nataka nimwambie sijui, na iwe kweli. Mimi siwezi kusema uongo na umri huu. Wallahi nataka kujua kuliko wote, lakini wewe meza."

Nikameza. Wanawake wakaja na kuuliza, nyanya akawajibu kwamba yeye hajui, na wakaona kwamba kama mwenye ua hajui basi bado. Baba alikuja Alhamisi, akanitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama Mombasa tunakula tukashiba. Hakuuliza kitu kingine. Ndivyo ilivyokuwa likizo ile na likizo zote zilizofuata, mpaka nikamaliza shule na kuingia chuo cha ualimu. Mara nyingine nilimwona nyanya akisimamisha vidole na kunitazama mdomo, kama mtoto aliyekatazwa sukari, kisha akaendelea kusuka. Nilikuwa chuoni alipofariki. Nilifika amekwisha kuzikwa, nikaketi uani kwenye jamvi lake, na uchungu ulionikata si kwamba sikumuaga tu. Alikufa hajui. Alikuwa ametoa kitu alichokitamani sana, akakitoa kila siku kwa miaka, ili mimi niende shule.

Miaka ikapita. Nikafundisha Kwale, nikaolewa, nikazaa. Baba aliacha kazi Ramisi na kurudi nyumbani, akawa analala mchana kwenye kitanda cha kamba palepale uani. Siku ambayo redio ilitangaza kwamba watu wamekanyaga mwezi, nilikuwa nimekwenda kumwona. Tulisikiliza pamoja mpaka taarifa ikaisha. Akaizima redio, akaniambia sasa amezeeka vya kutosha, nimwambie, yule mtoto alirudi? Nikamwambia kwamba nilikuwa nikijua tangu zamani.

"Hata mie," akasema. "Likizo ya kwanza, Alhamisi ile nilipokutazama, uso wako haukuwa na swali tena. Ningekuuliza ungenijibu, hukuzoea kunificha kitu. Na neno langu nilikuwa nimelitoa mbele ya mama. Basi nikaona nisiulize."

Nililia mbele yake bila haya, mwanamke mzima, mwalimu wa watu. Yeye alingoja nimalize, kisha akasema haya, asimuliwe, lakini safari hii nianze kama watu wanavyoanza, tusije tukaletewa tena vijana wa majembe. Nikapangusa macho.

"Paukwa," nikasema.

"Pakawa," akajibu baba.

Nikamwambia kwamba kaka yake alivunja amri ya mjomba, akatoka na mtungi wake mwenyewe, akamkuta amelala kivulini, wakagawana pumzi ile wakarudi. Na kwamba ukurasa wa mwisho hauna mwezi wala chombo, ni bibi yao tu yuko jikoni, chakula cha Nura amekifunika na hajaruhusu mtu akiguse. Baba akasema hapo ndipo mama angepapenda, nami nilikuwa nimelijua hilo tangu siku niliyopasoma.

Siku hizi mjukuu wangu yuko chuo kikuu Nairobi, anasomea mambo ya anga. Alikwenda bila ya mtu kumeza chochote. Fomu zilijazwa, basi likapandwa, nami namshukuru Mungu kwa wepesi huo, kwani hatukuumia ili wao nao waumie. Hadithi za mwezini anazo simuni, chungu nzima, na mwisho wa yoyote anaweza kuutazama kabla hajaanza. Nami sioni ubaya, ila nikimwona amejikunja peke yake na simu yake huwahurumia kidogo wale watu wa ndani yake, ambao hawana Bi Mejumaa wa kuwalilia wala mtu wa kuwauliza wao ni binti nani. Kisa cha ua wetu anakijua chote mpaka ukurasa ule ulioliwa, na hapo huniwekea kichwa begani na kunibembeleza nimwambie kama Nura alirudi. Mimi humshika kidevu, nikamwambia amalize masomo kwanza.